Ndugu Nusu Mgeni

Ujumbe uliingia kwenye grupu la familia saa tatu usiku. Binamu yangu anayefanya kazi Doha alikuwa ametuma tangazo la kliniki moja ya ng'ambo. Walisema wanatibu kansa kwa seli za NK, "askari wa asili wa mwili wako mwenyewe", bila kemo, bila nywele kunyonyoka, bila kulazwa. Bei dola 38,000, tiketi ya ndege kando. Chini ya picha binamu aliandika maneno mawili tu: "Daktari, soma."

Daktari ndiye mimi. Sasa, mimi si daktari. Nilisoma baiokemia chuo kikuu miaka miwili na nusu, karo ikanishinda, nikatoka. Siku hizi naandika kwa malipo: maelezo ya viatu vya duka la mtandaoni, wasifu wa watu wanaotafuta kazi, mara mojamoja hotuba ya harusi. Lakini kwetu ukishavaa koti jeupe la maabara hata muhula mmoja, umeshakuwa daktari wa ukoo mpaka kufa.

Mgonjwa alikuwa Shangazi, dada mkubwa wa baba. Alikuwa na lukemia kali, ile inayoitwa AML. Kemo ya kwanza ilimsaidia, ugonjwa ukatulia miezi saba, kisha ukarudi. Na huyu Shangazi ndiye aliyelipa karo yangu ya mwaka wa kwanza, shilingi 26,500, pesa za mitumba ya Gikomba zilizofungwa kwa mpira. Nakwambia mapema ili ujue ni nani alikuwa akiniuliza swali.

Jumapili tukakutana kwa Baba Mdogo. Alikuwa ameshapata mnunuzi wa shamba la nyumbani. Haja yake ilikuwa neno moja kutoka kwangu. Chai ikamiminwa, akanigeukia: "Hebu tuambie, hii kitu inafanya kazi ama haifanyi?"

Nilikuwa nimesoma usiku tatu mfululizo. Nilijua jibu, angalau kwa kiasi mtu kama mimi anaweza kulijua. Shangazi alikuwa ameketi kwenye kochi, shuka mabegani, ananiangalia kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Nikasema: "Inaweza kusaidia."

Neno "inaweza" halikuwa uongo. Kila kitu kinaweza. Lakini nililitumia kama mlango wa kutorokea, na tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali moja: je, mtu anayekupenda ndiye anayefaa kukuambia ukweli, au mapenzi yenyewe ndiyo yanayomfunga mdomo?

Acha nikueleze kwanza kile nilichokuwa nimesoma, kwa sababu swali langu lilizaliwa humo.

Seli za NK ni aina ya seli nyeupe za damu. Herufi hizo mbili ni kifupi cha Kiingereza cha "wauaji wa asili". Mwaka 1975, Rolf Kiessling na wenzake katika Taasisi ya Karolinska, Stockholm, waliripoti kwamba panya ambao hawakuwa wamechanjwa dhidi ya lukemia walikuwa na seli zinazoua seli za lukemia. Kundi la Ronald Herberman huko Marekani liliripoti jambo kama hilo mwaka huohuo. Lilikuwa jambo la ajabu kwa sababu kinga nyingi tunazozijua lazima zifunzwe kwanza, ndiyo maana ya chanjo. Hizi zilikuja zikijua kazi.

Zinajuaje nani wa kuua? Jibu lilitoka taasisi hiyohiyo, kwa Klas Kärre, aliyelipendekeza katika tasnifu yake ya 1981, kisha yeye na wenzake wakatoa ushahidi katika jarida la Nature mwaka 1986. Karibu kila seli yenye afya mwilini hubeba juu ya utando wake molekuli zinazosema "mimi ni wa hapa". Seli ya NK hupita ikikagua. Ikiona molekuli hizo, inatulia. Isipoziona, na ikikuta pia dalili kwamba seli ile iko mashakani, inaitoboa kwa protini iitwayo perforini, inapenyeza vimeng'enya ndani, na seli ile inakufa.

Kwa ufupi, ni kama askari anayeuliza kitambulisho. Najua mfano huu haumpendezi kijana yeyote wa Nairobi aliyewahi kusimamishwa usiku akiwa ameacha ID nyumbani. Mimi pia haunipendezi. Lakini ndivyo kazi yake ilivyo.

Seli nyingi za kansa hutupa kitambulisho makusudi ili zikwepe walinzi wengine, zile seli T, ambazo husoma kilichoandikwa ndani yake. Zikikitupa, zinajianika mbele ya NK. Shida ni kwamba si zote zinazokitupa. Seli za lukemia mara nyingi hubaki nacho. Na hapo ndipo penye uchungu: kansa haitoki nje. Ni seli yako, imezaliwa nyumbani kwako, na kitambulisho chake ni halali. Seli yako ya NK inaikagua, inaona jina la ukoo, inasema haya, pita.

Ndiyo maana tangazo la ile kliniki lilinishtua kuliko kama lingekuwa uongo mtupu. Walichokuwa wakijivunia ndicho hasa kilichokuwa udhaifu wao. "Seli zako mwenyewe." Wanakutoa damu, wanakuza seli zako za NK kwenye maabara mpaka ziwe nyingi sana, wanakurudishia. Jambo hilo lilishajaribiwa. Mwaka 2011 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Kansa ya Marekani walichapisha matokeo ya kundi dogo la wagonjwa waliorudishiwa seli zao wenyewe. Seli zilijaa kwenye damu kweli. Vivimbe havikusinyaa. Ongeza askari elfu, lakini wote wakiwa ni binamu wa mwizi, umefanya nini?

Mafanikio yalionekana kwingine. Mwaka 2002 kundi la Andrea Velardi huko Perugia, Italia, liliandika katika jarida la Science kuhusu wagonjwa waliopandikizwa uboho kutoka kwa jamaa wanaolingana nao nusu tu. Pale ambapo seli za NK za mtoaji hazikukuta kwa mgonjwa alama iliyozoea kuzituliza, lukemia ya aina ya Shangazi ilirudi mara chache sana. Mwaka 2005 Jeffrey Miller na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliwapa wagonjwa 19 wa AML iliyoshindikana seli za NK za ndugu zao, nao pia nusu sawa, nusu tofauti. Ugonjwa ulitoweka kwa 5.

Kisha mwaka 2020, Houston, madaktari wa kituo cha MD Anderson walichukua damu ya vitovu vya watoto wachanga, watoto wa watu wasiowajua kabisa, wakatoa seli za NK, wakazipa jenetiki mpya ya kutambua kansa, wakawatia wagonjwa 11 wenye limfoma na lukemia ya aina nyingine. 8 walipata nafuu, na 7 kati yao kansa haikuonekana tena. Kwetu mtu husema nyumbani ni pale kilipozikwa kitovu chake. Hawa walitibiwa na vitovu vya wageni.

Lakini mwaka 2024 kundi hilohilo lilitoa ripoti ya wagonjwa 37, na walioitikia walikuwa karibu nusu. Hakuna aliyedanganya. Wagonjwa wakiongezeka, namba hushuka kutoka kwenye ndoto hadi kwenye ukweli. Na hao wote walikuwa ndani ya majaribio ya kitabibu, ambako kwa kawaida mgonjwa halipishwi ile dawa inayojaribiwa. Hata Marekani kwenyewe, mpaka nilipokuwa nikisoma usiku ule, hakukuwa na tiba ya seli za NK iliyoidhinishwa kuuzwa kwa ajili ya kansa.

Tangazo lilitaja utafiti wa Houston. Lilitaja zile namba 11 na 8. Halikusema kwamba zile zilikuwa seli za wageni zilizobadilishwa jenetiki, na zao ni zako mwenyewe, hazijaguswa. Uongo wao ulijengwa kwa matofali ya kweli tupu, kama tu ule "inaweza" wangu.

Sasa turudi kwenye kochi la Baba Mdogo.

Kwa nini sikusema? Nilijipa sababu nyingi. Kwamba mimi ni nani, mtu aliyeacha chuo, kuamua shamba liuzwe au lisiuzwe. Kwamba tumaini nalo ni dawa. Kwamba kwetu kumwambia mgonjwa hakuna tiba ni kama kumchimbia kaburi yeye akiwa anatazama. Kwamba nikikosea, jina langu litatajwa kila matanga mpaka nizeeke. Zote ni sababu za maana. Ila nikizipanga zote pamoja, chini yake nakuta moja: nilimwona ni wa kwetu, nikatulia. Jina la ukoo lilinizima.

Najua mtu atasema, wewe, seli haina maadili. Ni kweli. Seli ya NK haipendi wala haichukii, na huwezi kutoa sheria ya maisha kutoka kwa kitu kinachoogelea kwenye damu. Walioangalia wanyama wakaona humo sheria za binadamu wamewahi kufanya maovu makubwa. Sisemi seli ndizo zimenifundisha. Nasema nilipokuwa nikisoma kuzihusu nilijiona, na nikaona aibu.

Aliyesema ukweli alikuwa mtu baki. Shangazi alikuwa amelazwa kuongezwa damu, na alifanya kitu ambacho sisi hatukukifikiria: alimwonyesha daktari wa wadi lile tangazo. Daktari mwenyewe alikuwa binti mdogo tu, pengine hanizidi miaka minne. Akavuta kiti, akalisoma lote, akauliza, "Mama, unataka nikujibu kama daktari au kama mtu wa kukufariji?" Shangazi akamwambia, wa kunifariji ninao wengi.

Basi akamwambia. Kwamba seli zake zimeishi na ugonjwa huu nyumba moja muda wote, na haoni sababu ya kuamini zitabadilika zikipelekwa ng'ambo na kurudishwa. Kwamba kuna watu wanatafiti jambo hili kwa dhati, lakini wao hawatangazi bei. Kwamba angekuwa yeye, angeuliza kliniki ile maswali matatu: majaribio yenu yameandikishwa wapi, wagonjwa wangapi wenye ugonjwa kama wangu mmewatibu, na wangapi walikuwa hai baada ya mwaka mmoja. Kisha akamshika mkono na kumwambia kuna mengi ya kufanya kuhusu maumivu, uchovu na homa, na hayo hayahitaji kuuza kitu.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na chupa ya uji. Daktari alipotoka, Shangazi akaniangalia.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua, Shangazi."

"Ukangoja niuze shamba ndio useme?"

Sikuwa na jibu. Akasema, bila hasira, "Mwanangu, mimi nimeuza nguo miaka ishirini na mbili. Mteja akiniuliza kama hii shati itamtoshea, na mimi naona haitamtosha, nikimwambia jaribu tu, si namwibia?"

Nimelifikiria sana hilo swali lake. Tunapozungumza kuhusu kumwambia mgonjwa ukweli huwa tunafikiria upole na ukatili, kana kwamba upande mmoja kuna walio na huruma na upande wa pili kuna wenye mioyo ya mawe. Yeye aliliweka sokoni. Nilikuwa na kitu chake, habari ya mwili wake mwenyewe, nikakizuia. Shamba lilikuwa lake na siku zilikuwa zake. Kwa kunyamaza nilizichukua nikaanza kumtumilia, na bado nikajiita mwenye upendo.

Lakini pia sitaki kukubali haraka kwamba mgeni ndiye mwenye haki ya kusema. Kuna wageni wa aina mbili. Katika upandikizaji wa uboho, zile seli T za mtoaji asiyelingana na mgonjwa zinaweza kuushambulia mwili mzima: ngozi, ini, matumbo. Zinaona kila kitu ni kigeni, zinapiga kila kitu, na watu hufa. Seli za NK za mtu baki kwa kawaida hazifanyi hivyo. Wote wawili ni wageni, ila mmoja anagonga kila mlango na mwingine anakagua kwanza.

Na ukweli nao uko hivyo. Nimewahi kumsikia mtu akimwambia jirani yetu, mbele ya watoto wake, "Hiyo yako ni hatua ya nne, jipangeni." Alisema kweli. Halafu akaondoka kula chakula cha mchana. Ukweli kama ule unabomoa nyumba nzima ukimtafuta panya mmoja. Yule binti wa wadini alisema mambo mazito kuliko hayo, ila alivuta kiti kwanza, na hakuondoka mpaka alipomwonyesha Shangazi kilichobaki.

Tena kuna jambo ambalo nililipita haraka nilipokuwa nikisoma. Kule Perugia na Minnesota, waliotoa zile seli hawakuwa watu baki. Walikuwa jamaa za wagonjwa. Kilichofanya seli zao zifae ni kwamba nusu yao ililingana na mgonjwa kiasi cha kupokewa, na nusu nyingine haikulingana, ikabaki na macho ya mgeni. Hakuna aliyelazimika kuacha kuwa ndugu.

Nadhani hapo ndipo jibu langu lilipo, kama ninalo. Sikuhitaji kumpenda Shangazi kidogo ili nimwambie ukweli. Nilihitaji kumtunzia nusu yangu moja ambayo haizimwi na jina la ukoo. Nusu ya kwanza ingejua ni saa ngapi amechoka, ni nani asiwepo chumbani, chai awe ameshakunywa. Nusu ya pili ingesema. Daktari yule alikuwa na ya pili, na ya kwanza akaiazima kwa adabu yake. Mimi nilikuwa nazo zote mbili, nikatumia moja.

Na kusema kweli, hili haliishii hospitalini. Sisi Wakenya ni mabingwa wa nusu ya kwanza. Mwizi akiwa wa kwetu tunasema wanamwonea. Mume akiwa ndugu yetu, mke ndiye hana subira. Kijana wetu akipotea tunasema ni marafiki wabaya, kana kwamba yeye mwenyewe si rafiki mbaya wa mtu mwingine. Tunakagua kitambulisho, tunaona jina, tunasema pita. Halafu tunashangaa ugonjwa umekuwa mkubwa namna gani, na wakati wote walinzi walikuwepo.

Shamba halikuuzwa. Baba Mdogo alininunia mwezi mzima, akasema nimemkatisha dada yake tamaa, ingawa si mimi niliyesema. Huo ndio ujinga wa mambo: lawama nilizoogopa zilinifikia hata baada ya kunyamaza.

Shangazi aliishi wiki kumi na moja baada ya siku ile, nyingi kati ya hizo akiwa nyumbani Butere. Sitakwambia zilikuwa wiki nzuri. Kulikuwa na siku za homa na siku za kulia. Lakini zilikuwa zake. Alimkabidhi mwanawe kibanda cha Gikomba mbele ya mashahidi. Alimaliza ugomvi na wifi yake, ugomvi wa sufuria, mazee, sufuria ya mwaka 2009. Na aliniita na daftari niandike wanaomdai na anaowadai, jina kwa jina. Tulipofika mwisho nilikuwa nikifunga kalamu, akasema, "Na wewe jiandike. Karo. Usijifiche."

Nikajiandika: 26,500.

Mwezi jana rafiki yangu wa zamani wa chuo alinitumia tangazo lingine, kliniki nyingine, seli zilezile. Mamake ana kansa ya ini. Nilitaka kujibu kwa meseji, nikaona hapana. Nikamuuliza yuko wapi, ameketi, ana mtu karibu. Kisha nikampigia, nikamwambia yote ninayoyajua: yanayotia moyo kule Houston, yaliyoshindikana, na maswali matatu ya kuuliza kabla ya kutoa hata shilingi. Nikamwambia niko tayari kwenda naye kumwona daktari wa mamake.

Akanyamaza kitambo. Akasema, "Sawa," akakata simu.

Hajanipigia tena. Huenda alituma pesa, huenda hakutuma. Huenda ananiona mimi ndiye niliyemfungia mamake mlango. Kila jioni natazama simu, na bado sijaona ni nini kingine ningemwambia.